Maiki ya hedifoni imedinda? Soma rada ya saundi kadi kabla ushuke Marikiti

Maze, hii story unaijua. Ni saa nne usiku, uko keja Kibokoni, dirisha wazi juu joto la Mombasa halina huruma, na mbogi yote iko ndani ya gemu inakungoja. Mechi inaanza. Unabonga, hakuna anayejibu. "Waniskia?" Kimya. "Oya, waniskia?" Mwishowe mmoja anakuandikia kwa chati: "Buda, maiki yako imekufa." Mnapigwa, na lawama zote ni zako.

Kesho yake unachukua doo uliyokuwa umeiwekea mambo mengine, unashuka hadi Marikiti, unarudi na hedifoni mpya. Unachomeka. Maiki bado imedinda.

Hapo ndipo wasee wengi wameliwa. Mara nyingi hedifoni haina makosa yoyote. Ngori iko pale inapochomekwa: pini haifanani na tundu, ama tundu la laptopu limechoka. Dawa yake ni kidude kidogo kinachoitwa saundi kadi ya nje, kile cha USB. Zile za kawaida zinauzwa mia chache tu za shilingi, na hedifoni ya gemu ya maana ni maelfu. Hii hapa rada yote, kutoka kuhesabu pete za pini hadi kuset Discord.

Saundi kadi ya nje ni nini?

Kompyuta inaelewa namba tu. Sikio lako linaelewa hewa inayotikisika. Katikati lazima akae mkalimani: chipu inayogeuza namba kuwa umeme wa kusukuma spika za hedifoni, na kugeuza umeme wa maiki kuwa namba. Kila laptopu ina mkalimani wake ndani. Saundi kadi ya nje ni mkalimani wa pili, unayemchomeka kwa tundu la USB.

Kwa nini umuweke nje na yuko mwingine ndani? Sababu ni tatu.

Kwanza, tundu la hedifoni huchoka. Ukichomeka na kuchomoa kila siku kwa miaka miwili, chuma za ndani zinalegea. Kulibadilisha ni kufungua laptopu nzima. Tundu la USB liko pale tayari.

Pili, ndani ya laptopu kuna fujo ya umeme. Prosesa, feni na saketi ya chaji ziko karibu na chipu ya sauti, na kelele zao huvuja. Ile "ssss" unayoskia gemu ikiwa kimya ndiyo hiyo. Ukitoa chipu nje, mara nyingi kelele inapungua.

Tatu, matundu hayalingani. PC nyingi za mezani zina tundu la sauti na la maiki kando kando, na hedifoni yako ya pini moja inabaki haina pa kukaa.

Lakini tuambiane ukweli: kidude hiki hakitakupa shabaha, wala hakitafanya hedifoni mbovu iwe nzuri. Kazi yake ni wewe uskike na uskie vizuri.

Hatua ya kwanza: hesabu pete

Usitoke nyumbani kabla hujafanya hivi. Shika pini ya hedifoni yako, ile nyembamba ya milimita 3.5, uiangalie kwa mwanga. Utaona mistari, mara nyingi myeusi, inayogawa chuma. Hizo ndizo pete.

Pete mbili: chuma imegawanywa mara tatu, yaani sauti ya kushoto, ya kulia, na waya wa ardhi. Kama hiyo ndiyo pini pekee, maiki haina njia kabisa.

Pete tatu: chuma imegawanywa mara nne, na ya nne ni ya maiki. Hii ndiyo pini ya simu, ya pedi za PS4 na PS5, na ya laptopu zenye tundu moja.

Pini mbili, kila moja na pete zake mbili: hiyo ni hedifoni ya PC ya mezani. Ya kijani ni ya sauti, ya pinki ni ya maiki.

Sasa kuna mtego mmoja. Pete tatu zina mipango miwili. Vifaa vya siku hizi vinafuata mpango wa CTIA. Simu kadhaa za zamani, Nokia zikiwemo, zilifuata OMTP, ambapo maiki na waya wa ardhi zimebadilishana nafasi. Ukichanganya hizo mbili, muziki unaskika mwembamba na mwimbaji yuko mbali kama anaimba ndani ya kisima. Ukifinya kitufe cha maiki kwenye waya, ghafla sauti inakaa sawa. Ukiona dalili hiyo, usitupe chochote. Unahitaji adapta ya kugeuza mpango mmoja kuwa mwingine.

Hatua ya pili: ujue unachonunua

Ukishajua pini yako, chagua hivi:

1. Pini moja ya pete tatu: tafuta saundi kadi yenye tundu moja lenye alama ya hedifoni iliyo na maiki. Hapo hauhitaji kitu kingine.

2. Pini moja ya pete tatu, lakini kadi iliyopo dukani ina matundu mawili: ongeza splita yenye tundu moja upande huu na pini mbili upande ule.

3. Pini mbili: kadi ya matundu mawili ndiyo yako. Kama ipo ya tundu moja tu, splita inageuka: matundu mawili huku, pini moja ya pete tatu kule.

4. Hedifoni inayoisha na USB: acha pesa yako mfukoni. Saundi kadi imeshajengwa ndani yake.

5. Hedifoni ya Bluetooth: kidude hiki hakiihusu. Na ujue kwamba kwa PC nyingi, ukiwasha maiki ya Bluetooth, sauti nzima inashuka hadi kiwango cha kupiga simu. Ndiyo maana wachezaji wengi bado wanang'ang'ania waya.

Hizo splita zinafanana sana zikiwa kwa pakiti, na kuna aina ya tatu inayogawa muziki kwa watu wawili lakini haina njia ya maiki hata kidogo. Mimi mwenyewe nilishabeba hiyo ya tatu nyumbani nikijua nimemaliza kazi. Nilichopata ni hedifoni mbili zinazoimba na maiki iliyokufa vile vile.

Hatua ya tatu: Marikiti

Wageni wakiskia Marikiti wanafikiria sokoni kwenyewe, lile jengo la Mackinnon Market lililoko tangu 1914, na maembe, machungwa na harufu ya iliki na pilipili manga. Lakini kwa kijana wa mjini, Marikiti ni mtaa mzima unaoizunguka soko. Ukitoka upande wa Digo Road utapata maduka na meza za vifaa vya simu: chaja, kava, waya. Huko ndiko utaanza kuulizia.

Beba vitu viwili: hedifoni yako, na simu ya Android na kale ka-adapta ka OTG ka kuchomeka USB kwa simu. Simu nyingi za Android zinatambua saundi kadi ya USB bila kuongeza programu. Kwa hivyo dukani unaweza kupima kabla doo haijatoka mfukoni.

Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Ami, salama? Natafuta saundi kadi ya USB, tundu moja la hedifoni na maiki."

"Salama, mwanangu. Chukua hii hapa, hata 7.1 imo."

"Naomba niijaribu kwa simu kwanza, kisha tuongee bei."

"Haya, jaribu."

Pima mambo mawili. Cheza wimbo, uskie kushoto na kulia. Halafu jirekodi ukihesabu moja hadi kumi, huku unagonga maiki kwa ukucha mara moja. Ule mgongo wa ukucha ukiskika kwa nguvu kwenye rekodi, maiki ya hedifoni ndiyo inayofanya kazi. Ukiwa mdogo na wa mbali, simu imetumia maiki yake yenyewe. Muuzaji akikataa upime, mshukuru kwa heshima uende meza inayofuata.

Na hiyo 7.1 anayokuimbia? Hedifoni yako ina spika mbili, ya kushoto na ya kulia. "7.1" ya kadi za bei ya chini kwa kawaida ni programu inayopindisha sauti ili ubongo udhani kuna spika nyingi. Gemu nyingi za kisasa za kufyatuliana zina hesabu zao wenyewe za kukuonyesha hatua za adui zinatoka wapi. Ukiwasha zote mbili, zinapigana, na huyo jamaa aliye nyuma yako utamskia kama yuko dari. Chagua moja, zima nyingine. Usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo namba.

Hatua ya nne: kuiunganisha na PC

Hii ni ya Windows 10 na 11.

1. Chomeka hedifoni kwa saundi kadi, halafu kadi kwa tundu la USB la kompyuta yenyewe. Epuka zile USB za kugawanya mara nne kama unaweza.

2. Ngoja sekunde chache. Kuna kanuni ya kimataifa ya sauti kwa USB, na kadi nyingi za kawaida zinaifuata, kwa hivyo Windows inazijua bila draiva. Tovuti ya ajabu ikikuambia upakue draiva kwanza, toka mbio. Hiyo ni njia maarufu ya kuingiza virusi.

3. Fungua "Settings", ingia "System", kisha "Sound". Pale "Output" chagua kadi yako. Mara nyingi jina lake lina neno USB.

4. Teremka hadi "Input" uchague kadi hiyo hiyo. Wengi wanasahau hapa. Wanaset sauti, wanaacha maiki ya laptopu, halafu mbogi inaskia feni na jogoo wa jirani.

5. Ongea ukitazama ule mstari wa kipimo. Ukisonga, uko fiti. Usiposonga, angalia swichi ya kuzima maiki iliyo kwenye waya, kisha ingia "Privacy", "Microphone", uhakikishe programu zimeruhusiwa kutumia maiki.

6. Kwa Discord, ingia "Voice & Video". Usiache "Default". Chagua kadi kwa jina lake upande wa kuongea na wa kuskiza, halafu ujipime hapo hapo.

7. Kama gemu ilikuwa imefunguka, ifunge uifungue upya. Gemu nyingi zinachagua kifaa cha sauti wakati wa kuanza tu.

8. Gemu inashuka sauti kila mtu akipiga simu ya Discord? Windows yenyewe hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ikidhani uko kwenye simu. Fungua zile setingi za zamani za sauti, kichupo cha "Communications", uchague "Do nothing".

Kiwango cha maiki: anza katikati. Ongea vile unavyoongea ukiwa umepandwa na mzuka, si vile unavyoongea na mwalimu. Sauti ikipasuka, teremsha. Weka maiki vidole viwili kutoka kwa mdomo, kando kidogo, ili pumzi isiigonge.

Kwa PlayStation, Xbox na simu

PS4 na PS5 zinakubali saundi kadi nyingi za kawaida za USB. Chomeka kwa mashine, kisha uchague kifaa kwenye setingi za sauti. Kwa PS4 usisahau kuchagua "All Audio". Ukiacha "Chat Audio" utaskia wenzako tu, gemu itabaki kwa TV. Lakini kama pini yako ni ya pete tatu, jaribu kwanza kuichomeka kwa pedi moja kwa moja. Huenda hauhitaji kununua chochote.

Xbox ni tofauti: haikubali kadi hizi za kawaida za USB. Tumia tundu la pedi. Zile pedi za kwanza za Xbox One za 2013 hazikuwa na tundu la milimita 3.5, kwa hivyo zinahitaji adapta yake maalum.

Kwa simu isiyo na tundu la hedifoni, angalia ile adapta ya USB-C vizuri. Kuna zenye chipu ndani na kuna zilizo waya mtupu. Ya waya mtupu inafanya kazi kwa simu chache tu zilizoundwa hivyo. Muulize muuzaji, halafu pima.

Dalili na tiba

*Unajiskia mwenyewe kwa kuchelewa:* kuna mahali "Listen to this device" imewashwa kwenye setingi za maiki. Izime.

*Wenzako wanajiskia wao wenyewe:* sauti inavuja kutoka hedifoni hadi maiki. Punguza volyumu, kisha kiwango cha maiki.

*Mngurumo wa "vuuum":* chomoa chaja ya laptopu uskize. Ukiisha, umeme ndio unaoleta kelele. Stima yetu Kenya ni ya 50 Hz, na huo mngurumo mzito mara nyingi ndio wenyewe. Jaribu soketi yenye waya wa ardhi wa kweli, pini tatu kamili, badala ya adapta za kubahatisha.

*Unaskia upande mmoja:* sukuma pini hadi iingie yote. Isipokaa sawa, soma sehemu inayofuata.

*Kadi inapotea na kurudi:* jaribu tundu lingine la USB. Ikiendelea, ingia setingi za umeme za Windows uzime ile ya kulaza USB kuokoa betri.

Chumvi, adui wa kisiwa

Hapa kisiwani bahari iko kila upande, na hewa inabeba chumvi na unyevu hadi ndani ya droo. Chuma za pini na tundu zinashika kutu taratibu, wakati mwingine ile ya kijani ya shaba. Sauti inaanza kukwaruza ukigusa waya, unadhani hedifoni imeisha.

Kabla uitupe, nunua spiriti duka la dawa. Chovya pamba kidogo, futa pini, acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka. Usimwage spiriti ndani ya tundu. Usipocheza, weka saundi kadi kwa kibweta chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vinanyonya unyevu. Na usiache dirisha la upande wa bahari wazi juu ya meza ya PC usiku kucha.

Majirani na masikio

Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, ukuta mmoja familia mbili. Ukipiga kelele saa saba za usiku, bibi wa ng'ambo ya kichochoro anajua mpaka alama zenu. Weka kitufe cha kubonyeza ndipo uskike, na uwashe kipunguza kelele cha Discord. Feni, tuktuk na azana ya alfajiri hazitaingia kwa kila mtu, na maiki iliyo karibu na mdomo haikulazimishi upige kelele.

La mwisho ndilo zito. Hedifoni zinanunuliwa tena. Masikio hayauzwi Marikiti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema sauti ya desibeli 80 ni salama hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Soma hiyo tena: kazi ya wiki nzima imekuwa jioni moja. Januari 2024, jarida la BMJ Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zilizohusu watu zaidi ya 50,000, na onyo lake lilikuwa kwamba wachezaji wa gemu huenda wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kuskia na ya mlio usioisha masikioni.

Saundi kadi inaweza kuwa na nguvu kuliko tundu la laptopu yako. Kwa hivyo siku ya kwanza, teremsha volyumu kabla ya kuvaa, kisha upandishe polepole. Mtu akikuita kutoka mlangoni na humskii kabisa, umepita. Masikio yakilia ukizima PC, huo ni mwili unakuambia pole pole.

Basi mpango ni huu: hesabu pete leo usiku, kesho shuka Marikiti na hedifoni mkononi, pima kabla ya kulipa, chagua kadi kwa sauti na kwa maiki. Ikishaset, ukiuliza "waniskia?" jibu litakuja lenyewe: "Twakuskia fiti, buda. Sasa funika nyuma."